Jina Alilolitaka Jenerali

Alhamisi ile Bwana Amur aliingia jikoni kabla ya kwenda kazini, jambo ambalo si kawaida yake, akamwambia Wilai avae nguo ya kwao.

"Ile ya hariri," alisema. "Mgeni akiingia akuone hivyo. Atafurahi."

"Mie leo nnapika, bwana. Hariri na sosi ya samaki wapi na wapi?"

"Utapika, halafu utavaa. Yalla, Wilai, usinitie aibu. Huyu si mgeni wa kahawa na kwaheri. Huyu jenerali. Na ni mheshimiwa katika baraza la kwenu."

Namazzi alikuwa kwenye sinki akimenya kamba, na hakuinua kichwa. Alikuwa na miaka miwili na nusu katika nyumba hii ya Qurum, Maskati, na jambo la kwanza alilojifunza ni kwamba ukitaka kusikia vizuri, usiache kazi. Mkono ukisimama, wenye nyumba wanakumbuka kwamba una masikio. Basi alimenya, akasikia ndala za Bwana Amur zikiondoka, akasikia na pumzi ya Wilai ikitoka puani kama mvuke wa sufuria iliyobanwa.

"Mama Mek," akamwita polepole. "Ni mmoja wa wale?"

"Ni mmoja wa wale," alisema Wilai, akakata kichwa cha samaki kwa pigo moja.

Wilai alikuwa Mthai wa miaka arobaini na sita. Alifika Maskati kwa sababu ya mguu wa Bibi Kheiria, mama yake Amur. Bibi alipopatwa na kiharusi alipelekwa Bangkok kutibiwa, na huko akampenda mwanamke aliyekuwa akimkanda, akasema harudi Omani bila yeye. Bibi hakujua Kithai, na Kiingereza alikikataa kabisa, akisema ni lugha ya madaktari wenye haraka. Hivyo Wilai alifundishwa Kiswahili cha Unguja pale kitandani, neno kwa neno, miaka saba, mpaka sasa ni yeye anayemsahihisha Namazzi. "Si 'ninaenda', we Mganda. Sema 'nnakwenda', ukae kama mtu wa mjini." Namazzi, aliyezaliwa Masaka, alikuwa akicheka mpaka anashika meza.

Lakini tangu Aprili hawakucheka sana.

Kwao Wilai, kila Aprili vijana waliofika miaka ishirini na moja huitwa uwanjani. Kuna boksi. Kijana anatia mkono, anatoa kadi. Nyeusi, anarudi nyumbani. Nyekundu, ni askari kwa miaka miwili, apende asipende. Mek alikuwa fundi pikipiki, mtoto wa pekee wa Wilai, aliyeachwa kwa bibi yake akiwa na miaka kumi na minne. Wilai aliitazama ile siku kwenye simu, amesimama papa hapa jikoni, Namazzi begani kwake. Waliona mkono unaingia. Waliona nyekundu.

Wilai hakulia. Alisema kitu kimoja tu: "Watampeleka nyumbani kwa mtu."

Namazzi hakuelewa mpaka alipoelezwa. Mafunzo ya mwanzo yakiisha, vijana wanagawanywa. Wengine hubaki kambini. Wengine hupewa wakubwa wawe watumishi wa majumbani mwao. Binamu yake Mek alikaa miezi kumi na minane kwa kanali mmoja. Aliosha mbwa. Alifua chupi za mke wa kanali. Siku alipounguza shati alipigwa kwa pasi yenyewe, na alipotaka kulalamika akaambiwa ni siri ya jeshi.

"Mie nimefua chupi za watu ili yeye asifue," alisema Wilai. "Umenifahamu? Hiyo ndo kazi niliyoifanya miaka saba. Si kukanda mguu. Ni hiyo."

Ukaja Mei, na uchaguzi. Wilai alipiga kura yake kwa njia ya ubalozi, Namazzi akabaki na Bibi. Chama alichokichagua kilikuwa kimesema wazi: hakuna tena boksi, anayetaka uaskari aende mwenyewe. Na chama kile kikashinda, kikawapita wote. Siku hiyo Wilai alicheza jikoni akiwa na mwiko mkononi, na Bibi Kheiria kitini akapiga makofi kwa mkono wake mmoja mzima bila kujua kinachosherehekewa.

"Sasa watamtoa?" Namazzi aliuliza.

"Bado. Waziri mkuu achaguliwe kwanza."

"Si wameshashinda?"

Ndipo Wilai akamwonyesha kwa mchele. Aliweka fungu kubwa upande mmoja: wabunge mia tano, hawa wamechaguliwa na watu. Akaweka fungu la pili: mia mbili na hamsini, hawa hawakuchaguliwa na mtu. Waliwekwa na wanajeshi waliopindua serikali, wakajiandikia katiba. Nao wanaingia kumchagua waziri mkuu kama waliochaguliwa.

Namazzi alilikodolea macho lile fungu la pili. "Banange. Kwetu jeshi lina viti kumi bungeni, nikadhani ndiyo ajabu ya dunia."

"Kumi tu? Nyie mnabembelezwa."

"Kumi na bunduki, mama Mek. Kaka yangu Mayanja alikaa kulinda kura kituoni mpaka jioni. Wakaja watu wenye magwanda, wakamvunja mkono huu hapa. Mpaka leo hawezi kuinua jembe."

Bibi Kheiria aliwasikia kutoka kitini kwake kwenye baraza ya ndani. "Nyinyi mnasema sana," alisema. "Sie mwaka sitini na nne tulipigiwa bunduki Unguja, nyumba ikachukuliwa, baba akachukuliwa. Tukanyamaza. Tukapanda meli, tukafika. Ukinyamaza unafika, mwanangu."

"Bibi," Wilai akamjibu, "mwanangu mie hana meli."

Na sasa ilikuwa Julai, ile Alhamisi yenyewe. Bunge la kwao lilikuwa limeitwa kumpigia kura waziri mkuu, na mafunzo ya Mek yalikuwa yanaisha wiki ileile. Kila kitu kilikuwa kinaamuliwa siku moja. Na siku hiyohiyo mmoja wa wale mia mbili na hamsini alikuwa anakuja Qurum kula kamba.

Bwana Amur alikuwa na kampuni yake mtaa wa Al Khuwair, ya kupeleka wagonjwa nje kutibiwa. Jenerali alikuwa na hisa katika hospitali moja huko Bangkok, na walitaka kufungua kituo pamoja. Amur hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Namazzi. Mtu mbaya unamchukia ukapumzika. Huyu alikuwa akiwaambia "ahsanteni" baada ya chakula, na pasipoti zao zote mbili zilikuwa kwenye droo ya meza yake, zimefungwa.

Mgeni alifika saa saba na nusu mchana, na joto la nje likaingia naye mlangoni. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye tabasamu la daktari wa watoto. Jina lake Kraithep. Amur alikuwa amewafanyisha mazoezi ya kulitamka wiki nzima. Alivua viatu mwenyewe. Alimwinamia Bibi Kheiria kwa viganja vilivyounganishwa, na Bibi akafurahi, akasema huyu amelelewa.

Jikoni, Wilai alikuwa ameegemeza simu kwenye mtungi wa chumvi. Bunge lilikuwa linaonekana. Mtu mmoja alikuwa anasoma majina, jina baada ya jina, na kila anayeitwa alisimama akasema lake. Namazzi hakujua Kithai ila maneno aliyofundishwa asubuhi ile: nakubali, sikubali, sina upande. Akawa anaingia majlisi, ukumbi wa wageni, na sahani, anatoka na sahani, na kila akirudi anauliza kwa macho.

"Sina upande," Wilai anasema, akigeuza samaki. "Sina upande. Sina upande. Tazama watu wazima hawa. Nguo nyeupe, nishani, na upande hawana."

Majlisi, Jenerali alikuwa anaukata mkate wa kumimina kwa uma na kuusifu. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, Namazzi alikifuata chote; shule ya msingi kwao Kiingereza walichapwa nacho.

"Leo kwetu kuna makelele bungeni," alisema Jenerali. "Nimeona heri nije kwa marafiki."

"Umefanya vizuri," alisema Amur. "Siasa zinavuruga tumbo."

Wakacheka.

Namazzi alirudi jikoni na bakuli tupu la mchuzi. Wilai alikuwa amesimama wima, mwiko mkononi, hageuzi kitu. Msomaji wa majina alikuwa ametamka jina, na jina hilo Namazzi alilijua. Alilifanyia mazoezi wiki nzima. *Jenerali Kraithep.* Kimya. Likaitwa tena. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko kimya chochote alichokisikia kwenye simu. Halafu msomaji akaendelea na jina linalofuata.

Kutoka majlisi walisikia kicheko, na sauti ya kijiko kikigonga sahani.

"Yupo hapo," Namazzi alisema, kama mjinga. "Anakula."

"Wanahesabu mpaka kura zifike idadi," alisema Wilai. "Asiyekuja ni sawa na aliyekataa. Ila aliyekataa anaonekana uso." Alizima moto. Samaki alikuwa ameungua upande mmoja. Akamgeuza, upande mzuri ukawa juu, akamweka kwenye sahani ya kioo. "Mpelekee."

Walipofika kwenye kahawa, Namazzi alisimama na dele mkono wa kushoto na vifinjani mkono wa kulia, kama alivyofundishwa. Na hapo ndipo Bwana Amur alipofanya wema wake.

Watu wa huku wana desturi. Mgeni mkubwa akishakula kwako, akashiba, unamwomba jambo, naye haoni vizuri kukunyima. Mambo mangapi Maskati yametengenezwa hivyo, juu ya tende na halua. Amur hakujiombea yeye. Alimwita Wilai, akamsimamisha mbele ya Jenerali na hariri yake ya zambarau, akasema:

"Huyu ndiye aliyepika. Ni kama mtu wa nyumba yetu. Ana kijana mmoja, amechukuliwa jeshini mwaka huu, na mama hana raha. Nakuomba, kwa chakula hiki tulichokula pamoja, mtazame. Mpatie mahali pepesi."

Bibi Kheiria alitabasamu. Alijua, lilikuwa wazo lake na mwanawe. Walimfanyia siri kama zawadi.

Jenerali akamtazama Wilai kwa huruma ya kweli. Akasema naye Kithai, sauti ya chini, ya kaka mkubwa. Kisha akamgeukia Amur.

"Jambo dogo. Nitamwondoa kambini. Mke wangu anahitaji kijana wa nyumbani, wa bustani na mbwa. Kama anapika nusu ya mama yake, tutafaidika wote." Akatikisa finjani, kuonyesha kahawa imetosha, akamwekea Namazzi mkononi. "Jina lake nani?"

Namazzi alihisi finjani ikiwa moto kiganjani mwake, ingawa ilikuwa tupu.

Amur alikuwa amefurahi mpaka amesahau kukaa. "Unaona, Wilai! Mwambie jina. Sisi tunamjua Mek tu."

Huko kwao kila mtu ana jina la nyumbani, fupi, na ndilo linalojulikana. Jina la kwenye karatasi huwa refu, na hata jirani anaweza asilijue. Nyumba nzima ilimjua Mek. Jina la kwenye karatasi walilijua wawili: mama yake, na Namazzi aliyemwandikia anwani kwenye maboksi ya tende na soksi, kwa kuwa mwandiko wa Wilai wa herufi za Kizungu ulikuwa unatambaa.

Wilai hakusema jina. Alisema kwa Kiswahili, na sauti yake ikawa ileile ya kitandani kwa Bibi, tulivu, kila neno mahali pake:

"Bwana Amur, niulizie mgeni wako. Sasa hivi jina lake limeitwa bungeni kwetu, mara mbili. Mbona hakuitika?"

Bibi Kheiria akasema, "Wilai!" Ndipo Wilai akageuka, akamwuliza mgeni mwenyewe kwa Kithai, bila kuunganisha viganja. Lilikuwa swali fupi. Tabasamu la Jenerali halikuondoka. Lilibaki palepale, kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Masikio tu ndiyo yaliyobadilika rangi.

"Mpishi wako anafuata siasa," alimwambia Amur kwa Kiingereza. Akatoa simu mfukoni, akaishika tayari. "Vizuri sana. Hukuniambia jina la mtoto."

Maneno yalikuwa yaleyale. Dakika moja nyuma yalikuwa ya mtu anayetoa. Namazzi alitazama kile kidole juu ya kioo cha simu na kuona kwamba sasa ni ya mtu anayechukua, na kwamba Bwana Amur, msomi, mwenye ofisi yenye vioo, hakuona tofauti yoyote. Aliona aibu tu, na alitaka kuifunika haraka.

"Wilai, jina. Mpe mgeni jina, khalas, yaishe." Amur akageuka. "Namazzi! Wewe ndiye unayemwandikia maboksi. Jina la kijana nani?"

Wote wakamtazama. Alikuwa na dele mkono mmoja na vifinjani vitatu mkono mwingine, na hakuwa na pa kuvitua. Alimkumbuka Mayanja. Hakukumbuka mkono wake. Alikumbuka jinsi wale watu walivyokuja na daftari, wakamuuliza jirani kwa upole, *yule kijana mrefu anaitwaje?* Na jirani, mtu mwema, akataja.

"Silijui, baba," alisema.

"Umeliandika mara ngapi!"

"Nilinakili tu. Kama mtu anayechora. Mimi ni wa darasa la saba, baba, majina ya huko sikuyashika."

Alilijua mpaka nukta ya mwisho. Angeweza kuliandika gizani.

Jenerali alirudisha simu mfukoni. Akasema hakuna shida, Amur atamtumia jina. Akamwinamia Bibi, akavaa viatu vyake mwenyewe, akashukuru kwa samaki. Gari lake lilipotoka lango, Amur alirudi ndani na uso wa mtu aliyechapwa hadharani.

"Mmenivua nguo," alisema. "Mbele ya mtu aliyekula chumvi yangu! Nilikuwa namsaidia! Wewe, Wilai, nilikuwa namsaidia nani kama si wewe?"

"Umenisaidia mwanangu naye afue kama mie," alisema Wilai, akaenda kuosha sahani.

Saa tisa mchana msomaji wa majina alimaliza. Kura za mgombea wa chama kile hazikufika, zilipungua hamsini na moja. Wilai alisikiliza idadi ikitajwa, mikono yake ndani ya povu, akasema kwa Kithai neno ambalo Namazzi hakuhitaji kutafsiriwa.

Mek alipiga simu Jumamosi, siku wanayorudishiwa simu zao. Namazzi alikuwa anakunja shuka. Alimwona Wilai anasimulia, anasimulia, halafu ananyamaza, na kutoka kwenye simu ikatoka sauti ya kijana anayepiga kelele. Iliendelea muda mrefu. Ilipokatika, Wilai alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Anasemaje, mama Mek?"

"Anasema kwa nini sikutaja. Anasema kambini wanalala chini, wanapigwa mateke wakikohoa. Anasema kwa jenerali kuna feni na nyama. Anasema kuosha mbwa ni nini." Alifuta uso kwa pembe ya shuka. "Anasema mimi ndo niliyetaka kushindana na mkubwa, na mgongo ni wake."

Hasira aliyokuwa nayo tangu Alhamisi ilikuwa na pa kwenda. Sasa haikujua imshike nani. Kijana alikuwa na haki yake. Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao wale wa fungu la pili: kukufikisha mahali ambapo mtoto wako mwenyewe anakudai kwa nini hukumtoa awe mtumwa mwenye feni.

Jumapili asubuhi Bwana Amur alikuja jikoni, simu mkononi. Namazzi alikuwa anaosha mchele. Wilai alikuwa anachemsha maji ya kumkandia Bibi.

"Katibu wake ameandika tena," Amur alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mara ya tatu. Jina na kambi. Anasema Jenerali hawezi kutia saini kitu kabla ya kutimiza ahadi yake kwangu. Wilai, ni ahadi. Ni wema."

Namazzi alisikia mdomo wake unafunguka, na hakuuzuia.

"Baba, mtu anayetaka kusaidia huuliza shida. Huyu hajauliza shida hata mara moja. Anauliza jina."

Amur alimtazama kama vile meza imesema. Halafu akaitazama simu. Akausoma ujumbe tena, midomo ikitembea, na Namazzi akaona kwenye uso wake kitu kikipita, kikikaribia kabisa kueleweka. Kisha akakifukuza. Palikuwa na kituo. Palikuwa na saini.

"Basi," alisema. "Mie siwezi kukaa na watu wanaotukana wageni wangu. Mwisho wa mwezi, Wilai, utarudi kwenu."

Kutoka chumbani Bibi Kheiria aliita, "Wilai! Maji yangu yako wapi?" Aliita tena.

Wilai alizima jiko. Alifuta mikono, mmoja mmoja, akamkaribia Bwana Amur mpaka akasimama karibu kuliko mtumishi anavyosimama.

"Mwisho wa mwezi mbali," alisema. "Nnakwenda leo. Nikamtazame mwanangu kwenye geti la kambi kila siku, wanione uso. Pasipoti yangu."

Akanyoosha mkono, kiganja juu, na hakuushusha.

Bibi alikuwa analia sasa, anaita jina la Wilai kwa sauti ya mtoto. Kisha Amur akaenda kwenye chumba chake cha kazi, na wakasikia ufunguo, na droo.

Namazzi alitazama mikono yake mwenyewe ndani ya maji ya mchele. Pasipoti yake ilikuwa kwenye droo hiyohiyo, chini ya ya Wilai. Alijua ni neno moja tu, *na yangu, baba.* Alilishika mdomoni mpaka droo ilipofungwa. Hakulisema. Na hakuna mtu aliyemkasirikia siku ile kuliko alivyojikasirikia mwenyewe, akiusugua ule mchele hadi punje zikaanza kukatika.